Jajja alienda "kutafuta bunduki": walikusanywa vipi, na silaha zilitoka wapi

Binti mmoja wa Kyotera, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, ameniandikia, nafupisha: "Mwalimu, jajja wangu mwanaume (babu) alitoka nyumbani usiku akavuka Tanzania, akamwambia jajja mwanamke anaenda kutafuta bunduki ya kumtoa Amin. Hakurudi. Sasa kila tukikutana msibani ukoo unabishana, mmoja anasema alikuwa mtu wa Obote, mwingine anasema wa Museveni, na kuna shangazi anasema walimbeba tu kwa nguvu. Hivi watu kama yeye walikuwa wanakusanywaje? Na hizo bunduki zilikuwa zinatoka wapi?"

Mwanangu, nimekaa na swali lako siku tatu manake si la kujibu haraka haraka. Nimefundisha historia miaka mingi na nimezunguka Rakai na Isingiro mpaka ng'ambo kule Kagera nikisikiliza wazee, na cha kwanza nitakachokwambia ni kwamba la bunduki ndilo jepesi. Bunduki karibu zote zilikuwa za serikali fulani, ama umepewa na serikali jirani ama umeinyang'anya ile unayopigana nayo, hakuna mti unaozaa bunduki. Kazi ngumu ni kumpata mtu. Mtu wa kuacha mke na shamba la kahawa akaenda asikokujua. Na zaidi ya huyo kuna yule anayebaki nyuma, yule atakayefungua mlango saa nane ya usiku wageni wakibisha, awape chakula, halafu asubuhi akiulizwa aseme sikuona mtu. Ukitaka kujua kwa nini kundi fulani la Uganda lilishindwa, usianze kuhesabu bunduki zake, anzia kwa huyo wa mlangoni.

Sasa turudi nyuma. Amin alimpindua Rais Obote tarehe 25 Januari 1971, Obote yuko Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Nyerere akampokea Obote Dar es Salaam na akakataa kabisa kumtambua Amin. Wapiganaji wa kwanza hawakutafutwa na mtu, walijileta, kwa sababu mwaka uleule ndani ya kambi za jeshi askari wa Acholi na Lango walianza kuuawa, Mbarara, Jinja na kwingine, aliyeponea akakimbia na alichovaa. Wengine wakaenda kaskazini wakaingia Sudan, kwenye kambi ya Owiny Kibul, wengine wakaja Tanzania. Halafu 1972 Sudan ikapatana na waasi wake wa Anyanya kule Addis Ababa, Wasudani hawakutaka tena vita ya jirani nyumbani kwao, ile kambi ikafungwa na watu wakahamishwa mpaka Tanzania, wakawekwa Handeni, mkoa wa Tanga. Kumbuka hilo jina, Handeni, tutalirudia.

Kwa hiyo jeshi la Obote wengi wao walikuwa askari wa zamani, wanajua kushika bunduki tayari, na bunduki zenyewe zilitoka kwa Watanzania. Kikundi cha Museveni, kilichokuja kuitwa FRONASA, kilikuwa kitu kingine. Hao walikuwa vijana wa shule, yeye mwenyewe alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na alishatembelea maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO Msumbiji, na kazi yao ilikuwa kutafuta mtu mmoja mmoja ndani ya Uganda kwa siri, rafiki anamleta rafiki, aliyesoma nawe anamleta aliyesoma naye. Wachache sana. Mtu wa kijijini Kyotera asiye askari na asiye na rafiki msomi alikuwa mbali na njia zote mbili, lakini nyinyi mna mpaka pale Mutukula, na mpaka ni njia yake peke yake.

Tarehe 17 Septemba 1972 wakavuka. Walikuwa elfu moja na kitu, kundi moja kupitia Mutukula kuelekea Masaka, lingine kuelekea Mbarara, na Museveni na watu wake walikuwa kwenye hilo la Mbarara. Kulikuwa na mpango wa tatu, ndege. Walichukua ndege ya East African Airways pale Dar es Salaam, aina ya DC-9, ikabebe makomando Kilimanjaro iwashushe Entebbe, ikatua Kilimanjaro matairi yakapasuka, mpango wote ukafia hapo hapo kwenye uwanja. Hili la ndege kila mzee aliyewahi kupita kambi zile analijua na anakusimulia akitikisa kichwa, wengi wanaamini kama ile ndege ingefika Entebbe mambo yangekuwa mengine. Mimi siamini, na nitakwambia kwa nini.

Walipopita huko kwenu walitegemea watu wasimame nao. Kule Mbarara walitegemea hata askari wa kambi ya Simba wageuke. Hakuna aliyegeuka. Tena angalia tarehe, Agosti ile ile Amin alikuwa ametangaza Wahindi waondoke ndani ya siku 90, na mwezi wa Septemba watu wengi wa mijini walikuwa wanasubiri maduka. Si kwamba hawakujua mauaji, walishaanza kuyajua, lakini Amin wa mwezi ule alikuwa mtu anayegawa. Na kwa Baganda kulikuwa na kidonda kingine, waliokuja walikuja na jina la Obote, na Obote ndiye aliyepeleka jeshi Lubiri mwaka 1966 Kabaka akakimbilia Uingereza. Wewe mtu wa Buddu, yaani huko kwenu Buganda, saa nane ya usiku, unapigiwa hodi na mtu anasema nimetumwa na Obote. Ungefungua? Ndio maana nasema hata ndege ingefika.

Ndani ya siku chache vita iliisha. Amin akaletewa askari wa Libya kwa ndege, waliovuka wakauawa mamia, na waliokamatwa sitaki kuelezea. Halafu ikaja adhabu kwa ambao hata hawakuwepo. Tarehe 21 Septemba, siku nne tu baada ya uvamizi, wakamchukua Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa nchi, pale pale Mahakama Kuu, hakuonekana tena. Huku kwetu kila mwenye ndugu aliyewahi kulala ng'ambo akawa mtuhumiwa. Kama jajja yako alitoka mwaka huo, basi bibi yako aliyebaki na watoto ndiye alikaa na hatari miaka saba, na sijui kama kuna mtu pale kwenu amewahi kumpa pole kwa hilo.

Mwezi wa Oktoba nchi mbili zikasaini makubaliano Mogadishu, Tanzania ikakubali kutowasaidia tena wapiganaji. Wale wa Obote wakapelekwa Tabora. Fikiria mtu wa Gulu au Lira aliyetaka kupindua serikali anakaa Tabora miaka sita analima, mvua inakuja mvua inaondoka. Wengine walioa huko, wakazaa, wengine walikata tamaa wakatawanyika. Hili nalo likumbuke, kuna watu waliohesabiwa wamekufa kumbe walikuwa na mji mwingine Tabora.

FRONASA wao waliendelea kuingia ndani kidogo kidogo na ndio walioonja huo ugumu wa mlango. Januari 1973 walikuwa kwenye nyumba mtaa wa Maluku, Mbale, askari wakaizingira, wawili wakafa na Museveni akaponea kwa mbio. Mwezi uliofuata Amin akapiga risasi hadharani vijana waliokamatwa, kila mmoja akapelekwa wilaya ya kwao, watu wakaitwa uwanjani watazame, na wazazi wao walikuwepo. Ile haikuwa adhabu ya wale vijana tu, ilikuwa barua kwa kila mwenye nyumba, ukifungua mlango mwanao atasimama hapa. Ikafanya kazi. Miaka kadhaa kuandikisha mtu ndani ya Uganda kukawa kama kuchota maji kwa tenga. Baadaye walipata vijana 28 wakapelekwa Montepuez, Msumbiji, kufundishwa. Ishirini na nane, nchi nzima.

Sasa aliyefungua mlango uliokataa kufunguka ni Amin mwenyewe. Oktoba 1978 akaingiza jeshi Kagera, akatangaza mpaka wake sasa ni mto, na daraja la Kyaka likabomolewa. Tarehe 2 Novemba Nyerere akahutubia, ile hotuba ya uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, hata mtoto wa Bukoba anaijua kwa kichwa. Jeshi la Tanzania lilikuwa chini ya watu 40,000, ndani ya muda mfupi likapita 150,000 pamoja na mgambo wa vijijini, polisi na magereza. Na wale wakulima wa Tabora wakaitwa, wakapewa bunduki na unifomu. Jina la kikosi chao ni la Kiswahili mpaka leo, Kikosi Maalum, kikiongozwa na Tito Okello na David Oyite-Ojok. Mwanzoni walikuwa kama elfu moja hivi. Hebu linganisha, elfu moja na 150,000, ndipo utajua nani hasa alimtoa Amin, hata kama wengine kwetu hawapendi kusikia.

Hapa acha nikwambie kitu nilichokiona kwa macho yangu. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, sisi tulikaa karibu na barabara ya Kakuuto. Mwezi wa pili 1979 tulikuwa tumelala kwenye migomba siku kadhaa kwa sababu ya Saba Saba, ile mizinga yao ya roketi, sauti yake inakuja kama mtu anapasua bati refu halafu ardhi inatetemeka. Asubuhi moja wakatokea askari watatu kwenye njia ya kisimani. Mama akatukandamiza chini. Sasa elewa, kwa mama yangu Kiswahili kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani, maneno aliyoyajua ni toa, lete, lala chini, ndiyo yaliyokuwa Kiswahili chote alichowahi kuambiwa. Mmoja wa wale vijana akavua kofia akasema, "Shikamoo mama, tunaomba maji ya kunywa." Mama hakujua shikamoo inajibiwaje. Akabaki amekodoa. Yule kijana akarudia, shikamoo mama, na akaweka bunduki yake chini kwenye majani ya migomba, taratibu, mdomo wa bunduki ukitazama upande mwingine. Mama akanituma kibuyu. Walikunywa kwa zamu, wa mwisho akasuuza kibuyu kwa maji yaliyobaki akakirudisha kwa mikono miwili. Jioni mama alikuwa ameshawapelekea ndizi, na kesho yake kaka yangu mkubwa ndiye aliyewaonyesha njia ya kukwepa bwawa. Bila kuandikishwa na mtu yeyote. Ndiyo sababu watu wakawaita bakombozi.

Sisemi walikuwa malaika. Masaka ilichukuliwa tarehe 24 Februari na ikabomolewa kulipiza ya Kagera, ukipita leo bado wazee wanakuonyesha palipokuwa na nini. Lakini mlango ulikuwa umefunguka, na tangu hapo wa kujitolea hawakuwa shida tena, shida ikawa kinyume chake, walikuwa wengi mno na kila mkubwa anakusanya wake.

Na hapa ndipo mzizi wa ubishi wa ukoo wenu ulipo. Baada ya Mbarara kuanguka Museveni akaanza kuandikisha magharibi, FRONASA ikatoka makumi ya watu ikawa maelfu kwa wiki chache. Kikosi Maalum nao wakaandikisha zaidi watu wa kaskazini. Bunduki zilikuwa zimetapakaa, askari wa Amin wanatupa wanakimbia, kule Moroto Wakaramojong waliingia ghala la silaha la kambi wakajibebea, na wizi wa ng'ombe kwa bunduki uliosumbua miaka na miaka ulitokea hapo. Wanasiasa walikutana Moshi tarehe 24 hadi 26 Machi, wakaunda UNLF, umoja wa makundi yaliyompinga Amin, Yusuf Lule akawa mwenyekiti, Kampala ikachukuliwa 11 Aprili. Lakini angalia mpangilio, askari walishakusanywa kila mtu na wake kabla ya hao wazee kukaa mezani. Kwenye karatasi kulikuwa na jeshi moja. Kambini kila mtu alijua yeye ni wa nani. Lule alidumu kwenye urais siku 68, Binaisa aliyemfuata hakufika mwaka, Mei 1980 Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga ikachukua, Desemba matokeo ya uchaguzi yakabishaniwa, na tarehe 6 Februari 1981 Museveni akaanza vita ya msituni kwa kushambulia kambi ya jeshi ya Kabamba akiwa na watu kama 40 na bunduki 27.

Kwenye vita ya msituni sitakaa sana kwa sababu jajja yako, kwa unavyoeleza, alitoka kumtafuta Amin. Ila ukitaka kuona ule mlango ninaousema, ndiko ulikoonekana wazi. Kulikuwa na UFM, kundi lingine la waasi, la Andrew Kayiira, Februari 1982 wakashambulia kambi ya Lubiri hapo hapo Kampala, kwa ujasiri mkubwa, na baada ya hapo hawakuwa na kijiji cha kurudi. Wale wa Museveni, kule Luweero, walikuwa na vijiji. Mkulima alitoa muhogo, akatoa habari, akina mama walibeba risasi chini ya mizigo ya chakula, na wapiganaji walikatazwa kuchukua hata kuku bila kulipa. Bunduki Libya iliwapa kidogo, nyingi walizitoa kwenye maghala ya jeshi lenyewe, Masindi Februari 1984, Kabamba tena Januari 1985. Sasa uliza gharama. Aliyefungua mlango Luweero ndiye aliyechomewa nyumba, ndiye ambaye fuvu lake liliwekwa kando ya barabara baada ya vita watu wapite watazame. Na watoto waliobaki bila mtu wakapewa bunduki wakaitwa kadogo. Kadogo, neno la kumbembeleza mtoto. Mimi hilo silisimulii darasani bila kusimama kidogo.

Haya, turudi kwa mzee wako. Mengi utayajua kwa kupata mwaka, na bibi yako bado yupo, usimwulize mwaka, wazee wetu hawahesabu hivyo. Mwulize kama Wahindi walikuwa bado madukani Kyotera jajja alipoondoka. Kama walikuwepo na aliondoka kabla ya wapiganaji kupita Septemba ile, basi njia iliyokuwepo kwa mtu wa kawaida wa mpakani ilikuwa ile ya watu wa Obote, hata kama Obote mwenyewe hakumpenda, maana wenye kambi walikuwa wao. Na wapo Baganda waliokwenda hivyo, kwa kumchukia Amin kuliko walivyomchukia Obote. Kama aliondoka wiki ileile ya vita, shangazi yako asipuuzwe, kundi linalokimbia linahitaji mtu wa kuonyesha njia na kubeba majeruhi, na si kila aliyebeba aliombwa. Kama aliondoka wakati tayari kuna bakombozi, huyo ni wa 1979, na hapo upande unategemea alielekea wapi, akienda Mbarara huenda aliandikishwa na FRONASA. Katikati hapo, kati ya 1973 na 1978, waliokwenda ni wachache kiasi kwamba jina lake huenda bado limo kwenye kumbukumbu ya mzee fulani aliye hai.

Mwulize pia kama kuna mtu aliyewahi kuleta salamu. Karibu kila familia niliyoongea nayo ilipata salamu mara moja, mfanyabiashara wa magendo, dereva, mvuvi, amekuja na jina la mji tu. Huo mji ndio jibu lako. Handeni ni kitu kimoja, Montepuez ni kingine, na akitaja Tabora usikimbilie kusema alikufa vitani, nenda kaulize Tabora, huenda una baba wadogo huko wanaozungumza Kinyamwezi.

Na usimwekee simu mdomoni siku ya kwanza. Siku ya kwanza nenda mkamenye matoke, uongee mengine, umpe hiyo pole niliyosema. Akija kutaja mji mwenyewe, niandikie siku hiyohiyo.